Umesamehewa. Je, Umetengeneza? Somo Nililolipata Kwenye Injini ya Land Rover ya Babu

Kijana mwenzangu, nakuomba uvumilie harufu ya oili, maana leo hatuanzii kanisani. Tunaanzia nyuma ya jiko la bibi, kule kwetu Rombo, chini ya mparachichi, mahali ambapo Land Rover 109 ya marehemu babu ilikaa miaka kumi na mitatu bila kuwashwa. Kuku walitaga ndani yake. Watoto wa jirani walichezea usukani. Na mimi, kila nilipokwenda kusalimia, nilihakikisha napita upande wa pili wa nyumba.

Somo letu linahusu malipizi. Ni lile neno tunalokutana nalo mwishoni mwa Kitubio. Padre anakupa sala za kusali, unakimbilia benchi, unasali, unafanya ishara ya msalaba, umemaliza. Kwa miaka mingi nilidhani mambo yote yanaishia pale kwenye benchi. Injini moja iliyokufa ndiyo iliyonionyesha kwamba kuna kazi nyingine inatusubiri nje ya mlango wa kanisa.

Mimi si padre wala mwanateolojia. Ni mwalimu wa Fizikia wa sekondari. Ninachokupa ni kile nilichokishika kwa mikono yangu, pamoja na kile Kanisa linachofundisha. Wewe pima.

Gari lenyewe

Wengi wenu mmekulia kwenye Noah na IST, kwa hiyo ngoja niwatambulishe. Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam, Aprili 1948. Hii ya babu ni Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama sentimita 277. Bodi yake ni aluminiamu, ndiyo maana unakuta gari lina miaka hamsini lakini halijatobolewa na kutu kama magari ya bati.

Injini yake ni ya petroli, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, yaani lita mbili na robo. Bloku ni chuma cha kuyeyusha, na silinda hedi vilevile. Hakuna kompyuta humo, wala sensa. Kuna geji ya joto tu pale mbele ya dereva, yenye sindano moja. Ishike akilini hiyo sindano.

Babu alikuwa katekista. Gari hilo lilikuwa la misheni kabla hajalinunua, na hata lilipokuwa lake liliendelea kuwa la watu wote: wagonjwa, maharusi, majeneza, magunia ya kahawa, kwaya ya kigango. Dereva wake alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu. Udereva ndio uliokuwa ugali wake na heshima yake.

Nilichokifanya

Desemba 2011 nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Jumamosi moja jioni baba mdogo hayupo, ufunguo uko kwenye msumari wake ukutani. Nikauchukua. Leseni sina. Nikabeba marafiki watatu, tukaenda kwenye sherehe kijiji cha tatu.

Wakati wa kurudi feni belti ikakatika. Kwenye injini hii belti hiyo ndiyo inayozungusha feni pamoja na pampu ya maji, kwa hiyo ikikatika maji yanasimama na joto linapanda. Sindano ikaanza kwenda kwenye nyekundu. Niliiona, na sitaki kujifanya sikuiona. Rafiki mmoja akasema, "Twende tu bwana, si karibu?" Na mimi nikaogopa kuchelewa kuliko nilivyoogopa sindano. Tukapanda mlima hadi mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti.

Tukasimama kando ya mfereji. Tukapata belti ya akiba nyuma ya kiti, tukaifunga kwa mwanga wa simu. Halafu nikachota maji ya mfereji kwa dumu, maji ya mlimani, baridi kama barafu, nikayamimina kwenye rejeta injini ikiwa bado ya moto. Nikasikia mlio mdogo, tii, kama sufuria ya moto inapotiwa maji. Tukawasha, tukafika nyumbani polepole. Nikarudisha ufunguo kwenye msumari, nikalala.

Alfajiri, kabla ya Misa ya kwanza, watu wakaja mbio kumwita baba mdogo. Kuna mama ana uchungu, apelekwe hospitali. Akaangalia maji, akaongeza kidogo, akaondoka. Oili hakuiangalia kwa sababu aliiangalia Jumamosi asubuhi. Hakujua kwamba usiku ule hedi ilikuwa imepasuka, na maji yalikuwa yanaingia kwenye oili. Oili yenye maji hailainishi tena chuma. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga, halafu ikanoki.

Gari lingine lilipita, yule mama akafikishwa, akajifungua salama. Mungu ni mwema. Lakini kijiji kizima kilishasema: dereva ameua injini kwa uzembe, tena na mgonjwa ndani. Babu aliita kikao cha ukoo. Akauliza, "Nani alitumia gari jana?" Mimi nilikuwa pale, nimeshika kikombe cha chai. Sikusema kitu. Baba mdogo aliambiwa aweke ufunguo mezani. Baada ya miezi miwili akahamia Tanga kutafuta maisha.

Kabla ya Noeli ileile nilienda kuungama. Nilisema hivi: "Nimesema uongo, na sikuwatii wakubwa." Unaona ujanja huo? Kila neno ni kweli, na ukweli wenyewe haumo. Nilitoka nikiwa mwepesi kwa siku mbili.

Kwa nini nikaanza mradi huu

Oktoba 2024 palikuwa na tamasha kubwa la Land Rover Arusha. Picha zikajaa kwenye grupu la familia la WhatsApp. Mmoja akaandika, "La babu lingekuwa zima nalo lingekwenda." Mwingine akajibu, "Muulizeni aliyelinoki." Vikatuni vya kucheka vikafuata. Baba mdogo yumo kwenye lile grupu. Tiki zikawa bluu. Hakuandika kitu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaandika kwamba nitaifufua injini ya babu kwa gharama zangu. Pongezi zikamiminika: ubarikiwe mwalimu, babu atafurahi huko aliko. Na hapa, kijana mwenzangu, nataka unielewe vizuri. Nilikuwa bado sijatubu. Nilikuwa nataka kulipa kwa fedha deni ambalo lilikuwa la ukweli. Nilitaka gari liwake, watu wapige makofi, na lile jambo life kimyakimya.

Katika Luka 14:28-30 Bwana Yesu anamsema mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini na kupiga hesabu, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Mimi nilikaa chini kweli. Nikaandika kwenye daftari: seti ya gasketi, pistoni na ringi, beringi za kranki, pampu ya maji, oili, kazi ya kukereza. Upande mmoja nikaweka fedha, upande mwingine muda. Gharama moja tu sikuiandika: kufungua mdomo.

1. Kufungua: uchunguzi wa dhamiri

Nilimpata fundi mmoja mzee kutoka Moshi mjini. Ni Mwislamu, swala zake hazimpiti, na hana maneno mengi. Likizo ya Desemba 2024 tukaanza. Kwa kuwa pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania, tulimimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu ya plagi, tukaacha siku nne. Hakukubali tulazimishe kwa nyundo. Alisema chuma kilichoshikana kinataka subira, ukikipiga utavunja na kile kilichokuwa kizima.

Alinipa kanuni moja: kila kitu kitarudi kilikotoka. Pistoni namba moja inarudi silinda namba moja kama itafaa, na vifuniko vya beringi havibadilishani nafasi wala havigeuzwi. Kila bolti ikaingia kwenye kopo lake lenye maandishi. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Baadaye nikaelewa kwamba huwezi kutengeneza kitu ambacho hukukiangalia kimoja kimoja. Hivyo ndivyo uchunguzi wa dhamiri ulivyo. "Nimekosa kwa mawazo na maneno" ni sawa na kumwaga bolti zote kwenye ndoo moja.

Siku ya tatu ya kufungua tukatoa hedi. Fundi akaifuta kwa kitambaa chenye petroli, akaivalia miwani, akapitisha ukucha katikati ya vali mbili. Akaniita nione. Ulikuwepo mstari mwembamba kama unywele.

"Hii injini waliniambia dereva hakuweka oili," alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Hapana. Huu ni ufa wa maji baridi kwenye chuma cha moto. Maji yaliingia kwenye oili, oili ikawa uji. Hiyo ya kunoki ilikuja baadaye. Nani alimwaga maji?"

Binamu yangu alikuwa pale anashika tochi. Kuku walikuwa wanachakura chini ya majani ya migomba. Mimi nafundisha watoto kwamba chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na kwamba kikisinyaa ghafla upande mmoja kitapasuka. Nilifundisha hivyo miaka sita nikijua ninachokisema.

Nikajibu, "Ni mimi."

Fundi hakushangaa. Alirudisha kitambaa mfukoni akasema, "Basi ukamwambie mwenyewe. Mimi hedi nitaitafuta." Binamu yangu alizima tochi, akaondoka bila kuaga.

2. Kuosha na kupima: majuto

Nafasi zile ndani ya bloku ambamo maji huzunguka zilijaa tope jekundu. Miaka mingi tuliijaza maji ya mfereji bila dawa ya rejeta, yakaacha kutu na udongo humo ndani. Tuliosha siku nzima.

Baada ya kuosha, silinda ziling'aa. Nikasema, hizi nzima. Fundi akanipa kipimo. Silinda mpya ya injini hii ina kipenyo cha milimita 90.47. Tulipima kila moja juu, katikati na chini, halafu tukazungusha kipimo na kupima tena kwa upande mwingine. Kwa kawaida silinda huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi inapoishia kupanda, na hailiwi duara. Huliwa zaidi upande mmoja. Jicho langu lilisema safi, kipimo kikakataa.

Hapa ndipo vijana tunapojidanganya. Tunajipima kwa jicho: mimi si mbaya, wapo waliozidi. Lakini dhamiri nayo inahitaji kipimo kutoka nje yake, yaani Amri za Mungu, Injili na mafundisho ya Kanisa. Chukua amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Nilikuwa nimejiambia kwamba sikumsingizia mtu, nilinyamaza tu. Nilipojipima vizuri nikagundua kwamba ukimya wangu ndio uliokuwa shahidi mkuu dhidi ya baba mdogo.

3. Kukereza: kuungama bila kuficha

Silinda ikishaliwa huwezi kurudisha chuma kilichoondoka. Ukiweka ringi mpya juu ya silinda iliyochakaa, injini itawaka, utafurahi, na baada ya muda itaanza kula oili na kutoa moshi. Dawa ni kupeleka bloku kwenye mashine, silinda zipanuliwe hadi zifikie chuma kizima na duara kamili, kisha zivalishwe pistoni kubwa zaidi. Zetu zilikwenda saizi 20, yaani inchi 0.020, kama nusu milimita. Kranki nayo ilikerezwa kupungua robo milimita, ikapata beringi za saizi yake.

Nilipokuwa nimesimama pale karakana nikiangalia chembe za chuma zinadondoka, nilijua Kitubio changu cha 2011 kilikuwa ringi mpya kwenye silinda iliyoliwa.

Nilikwenda kuungama Jumamosi iliyofuata. Safari hii nilitaja jambo kwa jina lake: nilichukua gari bila ruhusa, niliharibu injini, nilimwacha mtu asiye na kosa abebe aibu yangu miaka kumi na mitatu, na nilijificha hata kwenye maungamo. Padre alinisikiliza. Alinipa sala za malipizi. Kisha akanikumbusha kwamba jina la mtu halirudi kwa sala zangu peke yake. Lazima nilirudishe mimi niliyeliondoa.

Hilo si neno la padre mmoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo yanafuta dhambi, lakini hayatengenezi uharibifu wote ambao dhambi imeuacha. Aliyeiba arudishe. Aliyemchafulia mwenzake jina amrudishie jina lake. Aliyejeruhi alipe fidia. Na namba 2487 inaongeza kwamba wajibu huo wa kutengeneza unabaki hata kama mkosaji ameshasamehewa.

Tuelewane lakini. Hatununui msamaha. Kristo ameshalipa msalabani, na malipizi yetu yana thamani kwa sababu yameunganishwa na mateso yake (soma namba 1460). Msamaha ndio mwanzo, ndio unaokupa nguvu ya kwenda kutengeneza. Zakayo hakutoa mali ili Yesu aingie nyumbani kwake. Yesu aliingia kwanza, ndipo Zakayo akasimama na kusema atawarudishia aliowadhulumu mara nne (Luka 19:1-10).

4. Kurudisha jina la mtu

Nilimpigia baba mdogo simu usiku. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, sikuyatumia. Nikamwambia yote, kuanzia msumari hadi dumu la maji. Upande wa pili kukawa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

Hatimaye akasema, "Mzee amekufa anajua ni mimi."

Babu alifariki 2016. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Kijana mwenzangu, shika hili: kuna sehemu za kosa ambazo ukichelewa hutazifikia tena, hata ukipata fedha, hata ukipata ujasiri. Ninamwombea babu katika Misa, naamini kwamba sasa anaujua ukweli kuliko mimi. Lakini baba mdogo alistahili kuusikia kutoka mdomoni mwa baba yake, na mimi ndiye niliyemnyima. Nilimwambia, "Baba mdogo, nisamehe." Akasema, "Nimekusikia." Akakata.

Ikabaki familia. Nilitamani niandike kwenye grupu tu, yaishe. Lakini uongo ulikaa kwenye kikao, kwa hiyo ukweli nao ulistahili kikao. Tarehe 26 Desemba, ukoo wote ukiwa nyumbani kwa Noeli kama ilivyo desturi yetu Wachaga, niliomba nafasi. Nikasimama palepale nilipokaa na kikombe cha chai 2011. Nikasema. Shangazi mmoja alilia. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Bibi aliniangalia tu, kisha akamwambia binamu yangu, "Mpigie mwanangu simu, mwambie arudi nyumbani."

5. Kufunga na kuwasha

Kufunga injini ni kazi ya utaratibu. Bolti za hedi hazikazwi hovyo. Unaanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na mwisho unatumia spana yenye kipimo hadi futi-pauni 65, kama nyutoni-mita 88. Ukikaza moja hadi mwisho huku nyingine zimelegea, hedi inakaa upande na gasketi itaungua. Vali tuliziachia nafasi ya robo milimita. Waya za plagi zikafuata mpangilio wake wa kuwaka: 1, 3, 4, 2.

Tulifunga polepole Kwaresima nzima, kila nilipopata ruhusa ya wikiendi. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, tukawa tayari. Baba mdogo alifika kutoka Tanga Jumamosi Kuu. Tulisalimiana. Hatukukumbatiana, siwezi kukudanganya.

Lakini asubuhi ile alikuja chini ya mparachichi kabla ya wote. Akafungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole kuona maji. Akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena, akakiangalia kwenye mwanga muda mrefu. Akamuuliza fundi, "Mmeipeleka saizi ngapi?"

"Ishirini."

"Vizuri. Bado ina maisha."

Tuliizungusha kwanza bila plagi hadi oili ikapanda na taa yake ikazimika. Kisha tukarudisha plagi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nikampa baba mdogo. Aliupokea, akakaa kwenye kiti chake cha zamani. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Bibi alipiga vigelegele mlangoni kwa jiko.

6. Kilomita za mwanzo

Injini iliyofungwa upya haiendeshwi kwa fujo. Mamia ya kilomita za mwanzo hubebi mzigo mzito, hukimbizi, unabadilisha oili mapema, unakaza tena hedi, unaangalia maji kila asubuhi. Ringi na silinda zinahitaji muda wa kuzoeana.

Mimi na baba mdogo tuko kwenye kilomita hizo za mwanzo. Ananipigia kuuliza habari za gari. Mara mojamoja anauliza na habari zangu. Simsukumi. Kudai akusamehe haraka ili wewe upumue ni kumbebesha mzigo mwingine.

Zoezi la wiki

Kaa mahali pa utulivu, jiulize:

1. Je, kuna dhambi niliyoiungama kwa maneno ya jumla ili nisiiseme yenyewe?
2. Kuna mtu anayebeba lawama, hasara au jina baya kwa sababu yangu? Ni nani?
3. Ninajaribu kulipa kwa zawadi au wema kitu ambacho ni ukweli tu unaoweza kukilipa?
4. Aliyeumizwa yuko hai? Basi nangoja nini?

Angalizo moja: usikurupuke. Yapo mambo ambayo kuyasema ovyo kunaweza kumuumiza mtu wa tatu. Nenda kwanza kwenye Kitubio, mwombe padre akushauri namna ya kutengeneza. Lakini ushauri usiugeuze kuwa kisingizio cha kungoja miaka kumi na mitatu.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliingia nyumbani kwa Zakayo kabla hajalipa chochote. Ingia na kwangu. Nipe macho ya kuona nilichokiharibu, mdomo wa kukisema, na mikono ya kukitengeneza. Uwaponye wale niliowaumiza, hasa wale nisioweza kuwafikia tena. Amina.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaangalia namna ya kujiandaa kwa Kitubio hatua kwa hatua. Ubaki na amani ya Kristo. Na kama una gari, angalia sindano.

Tumsifu Yesu Kristo!